Gari Lililorudi Bila Kweyu

Kwa msomaji anayeingia leo, mambo yamefika hapa.

Khalayi ni mke wa Kweyu, dereva wa teksi aliyetoka nyumbani kwao Kayole asubuhi ya Jumanne moja mwaka wa 1993, akiendesha Pijo ya tajiri wake, rangi ya maziwa. Kweyu hakurudi. Gari halikurudi. Mwenye gari akasema ameibiwa, polisi wakasema vivyo hivyo, na majirani, kwa kuwa mdomo haulipiwi kodi, wakasema zaidi.

Khalayi akawa mke wa mwizi. Genge lake la mboga likasusiwa, landilodi akamtoa, naye akahamia chumba kimoja mtaa wa Baba Dogo na watoto wake wawili, Lorine na mdogo wake.

Mtu pekee aliyesimama naye ni Mulongo, mdogo wake Kweyu, fundi na muuzaji wa spea kuukuu. Na wiki iliyopita Mulongo huyo huyo alimpa siku. Mtu aliyepotea miaka mitatu ni marehemu, alisema. Jumapili wazee wa ukoo watakaa, na Khalayi aseme mbele yao kama amekubali kurithiwa naye.

Jumapili ilikuwa kesho.

Lipo jambo moja ambalo hatujalieleza tangu hadithi hii ianze, kwa sababu Khalayi mwenyewe hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Leo litatoka. Lakini tuanze na gari.

*

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, Khalayi alikuwa kazini kwa Irungu, mwenye kituo cha kuoshea magari nyuma ya ukuta wa kiwanda kimoja cha Baba Dogo. Waosha magari wengine walishika ndoo na vitambaa. Khalayi alishika mashine ya mvuke.

Irungu aliipata kwenye mnada wa kiwanda kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na jiko la dizeli lililochemsha maji mpaka yakageuka mvuke, na nje ulitoka mpira mnene wenye bomba la chuma na kifyatulio. Wanaume wawili waliijaribu wakaungua, wakaiacha. Khalayi aliishika mara moja ikamtii. Tangu hapo madereva walimwita Mama Mvuke.

Pijo ya kijani kama chupa ya bia iliingia ikiunguruma. Aliyeshuka alikuwa Gitonga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kayole, mtu wa kitambi na kicheko.

"Niaje, Irungu!"

"Poa, mzee. Umetupotea."

"Nataka injini tu. Jumatatu mnunuzi anakuja kuliona. Akifungua boneti ajione uso wake."

"Hiyo ni kazi ya huyu," Irungu alisema, akimwonyesha Khalayi.

Gitonga alimtazama kuanzia buti za mpira hadi kitambaa cha kichwa. "Sawa. Lakini pole pole, siste. Fundi aliyeniuzia aliniapisha nisiwahi kulipiga mvuke kwenye injini. Eti nyaya zitaoza."

"Nyaya zikifungwa vizuri haziozi," Khalayi alijibu. "Zinaozeshwa na grisi."

"Haya basi, mwalimu." Gitonga alicheka, akavuka barabara kwenda kibandani kunywa chai.

Khalayi alifunga distributa, kisanduku cha kugawia injini moto, kwa karatasi ya nailoni, akatoa waya za betri, akapaka mafuta ya taa kila mahali. Akatazama geji ya mashine. Sindano ilipopanda ikatulia, akabonyeza kifyatulio.

Mvuke ulitoka ukilia. Grisi ya miaka ikaanza kubanduka, ikianguka kwa mapande kama ugali wa jana.

Karibu na betri palikuwa na kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi. Aliupitisha mvuke juu yake bila kufikiri. Rangi ikajikunja kama utando wa maziwa ya moto, ikatoka yote.

Chini yake palikuwa peupe. Katikati ya weupe, ua la waridi jekundu.

Khalayi alilijua ua lile.

Lilikuwa la sinia lake. Sinia alilopewa na shangazi yake siku ya harusi, lililokuwa likitolewa kabatini kwa wageni tu. Kweyu alilikata kwa mkasi wa bati Jumamosi moja, apate kitu cha kukinga betri ya teksi isipigwe na joto la ekzosi. Khalayi alikaa siku tatu bila kumsemesha. Siku ya nne Kweyu alileta masinia mawili mapya, nayo hayakutumiwa hata mara moja.

Bomba likaruka, mvuke ukapiga ukuta, muosha magari mmoja akatupa ndoo yake na kukimbia.

"Mama Lorine!" Irungu alipiga kelele. "Utatuua!"

"Mkono umeteleza," Khalayi alisema. "Samahani."

Alilishika tena bomba. Alijilazimisha kusimama kama mtu aliye kazini. Labda masinia ya aina ile yalikuwa mengi. Labda kuna dereva mwingine mwenye akili kama ya Kweyu.

Kulikuwa na njia moja ya kujua. Ubavuni mwa boneti, upande wa kulia, ndipo nambari ya chasisi ya Pijo hugongwa kwenye chuma. Aliyasafisha magari mengi ya aina hiyo, alipajua.

Akausogeza mvuke pale.

Rangi ikavimba. Ikapasuka. Chini yake haikuwa chuma, ilikuwa puti, ile lahamu laini ambayo mafundi wa bodi huzibia mabonde. Puti ikalainika, na kibati chembamba chenye nambari kikateleza, kikaanguka chini majini.

Nyuma yake palikuwa na nambari nyingine, imegongwa kwenye chuma chenyewe. Tarakimu nne za mwisho: mbili, tisa, sifuri, sita.

Khalayi hakuhitaji kuziandika. Alizijua kama tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe. Na namna alivyozijua ndilo lile jambo.

*

Wiki ya pili baada ya Kweyu kupotea, Khalayi aliitwa kituoni. Mulongo alimsindikiza. Kabla hawajaingia, alimvuta kando ya mlango.

"Shemeji, watakuuliza kama Kweyu alikuambia lolote. Ukisema hujui, watasema mlipanga pamoja. Watakufunga. Watoto watabaki na nani?"

"Sasa niseme nini?"

"Sema alikuambia anakwenda kuliuza Uganda. Kweyu mwenyewe hatapungukiwa kitu, ameshaenda zake. Wewe jiokoe."

"Lakini hakuniambia hivyo, Mulongo."

"Najua. Sema tu."

Khalayi alisema. Askari aliandika, kisha akamsomea maelezo yake mara tatu, pamoja na nambari ya chasisi, mara tatu. Akatia sahihi.

Asubuhi aliyopotea, Kweyu hakutaja Uganda. Alisema tu amwekee uji kwenye chupa, atapitia saa nne.

Tangu sahihi ile, hakuna aliyemtafuta Kweyu aliyepotea. Walimtafuta Kweyu mwizi, na hata huyo wakamchoka upesi. Na kila Krismasi, Khalayi akienda Malava, mama mkwe wake Selpher humshika mkono na kumuuliza, "Mwanangu, ni nani huyo aliyeapa juu ya mtoto wangu?" Naye humjibu, "Sijui, mama," akamwongezea chai.

Hilo ndilo alilolificha. Watoto hawakulijua, mchungaji hakulijua. Mulongo peke yake ndiye aliyelijua.

*

Sasa gari lililouzwa Uganda lilikuwa mbele yake Baba Dogo, limepakwa kijani.

Alizima mvuke. Jiko la mashine likabaki likinguruma. Akamwita Irungu.

"Boss, njoo uone."

Irungu aliinama, akaona nambari, akaona kibati kilichoanguka. Tangu amwajiri hakuwa ameuona uso wa Khalayi ukiwa vile.

"Hili ndilo gari alilopotea nalo mume wangu."

Irungu aliongea kwa sauti ya chini, akitazama upande wa kibanda.

"Rudishia kile kibati. Paka grisi juu. Malizia, gari liende."

"Boss!"

"Mama Lorine, nisikilize. Polisi wakija hapa watakuta nini? Mashine yangu, mfanyakazi wangu, na nambari ya gari imebanduliwa. Watasema hapa ndipo magari ya wizi hubadilishiwa nambari. Watafunga. Watu saba wanakula hapa."

"Na Kweyu?"

"Kweyu yuko wapi? Wewe umemwona? Mimi naona gari tu."

"Nakuomba uwaite."

"Siwezi." Irungu alijipangusa uso. "Dizeli imekaribia kuisha. Nakwenda kuleta."

Alichukua mtungi, akatoka kwa haraka, hakugeuka. Khalayi aliutazama mgongo wake ukipotea kwenye kona, akajua amebaki peke yake.

Gitonga angemaliza chai wakati wowote. Angelipa, angewasha gari, na Pijo ingeondoka mara ya pili.

Kweyu alipenda kutengeneza teksi yake mwenyewe, na Khalayi alikuwa ndiye wa kumshikia spana. Aliifungua ile nailoni, akainua kifuniko cha distributa, akachomoa rota, kile kidude kidogo kinachogawa moto kwa plagi. Ni kidogo kuliko kidole gumba, lakini bila hicho injini haiwaki hata ukiomba. Akakitia kwenye soksi, ndani ya buti. Akarudisha kifuniko na waya za betri, akateremsha boneti.

"Tayari?" Gitonga aliuliza akivuka barabara.

"Tayari."

Gitonga alikaa, akazungusha ufunguo. Gari likalia nya-nya-nya, likanyamaza. Akarudia. Likalia tena, likanyamaza.

"Ai! Mmeua injini yangu! Si fundi aliniambia? Si aliniambia?"

"Labda ni unyevu," Khalayi alisema. Sauti yake ilimshangaza kwa utulivu. "Liache likauke."

"Likauke nini? Nampigia fundi mwenyewe aje." Gitonga alikwenda kwa mlinzi wa kiwanda kuomba simu. Alirudi baada ya dakika chache akitikisa kichwa.

"Anakuja. Ajabu, nilipomwambia niko kwa Irungu, Baba Dogo, alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema mtu yeyote asiguse kitu."

"Ni fundi wa wapi?"

"Wa kwetu Kayole. Tunamwita Spana. Leo hata hakutaka kuacha shughuli zake, maskini. Kesho anaoa mjane wa marehemu ndugu yake. Nyinyi watu wa magharibi na mila zenu!"

Alicheka, akarudi kibandani kuagiza chapati.

Khalayi alishika ukingo wa gari. Chuma kilikuwa bado cha moto, na hakuuondoa mkono.

*

Mulongo alifika saa moja baadaye. Alishuka kwenye pikapu ya mtu, shati limelowa jasho kifuani, akaenda kwanza kwa Gitonga.

"Kaa, mzee, malizia chapati. Mimi nitalishughulikia."

Kisha akaja. Khalayi alikuwa amesimama kando ya mashine. Alikuwa ameiongeza moto.

"Shemeji," Mulongo alisema.

"Shemeji."

Mulongo aliinua boneti. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko mtu anayetafuta hitilafu. Akaliona ua. Akaiona nambari.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Irungu?"

"Amekwenda kuleta dizeli."

Mulongo alifungua distributa, akachungulia, akatabasamu kidogo bila furaha. "Alikufundisha vizuri. Lete rota, Mama Lorine."

"Gari hili umelitoa wapi?"

"Lete rota kwanza."

"Gari hili umelitoa wapi, Mulongo?"

Alimsogelea hadi Khalayi akaisikia pumzi yake. "Sawa. Unataka kujua? Kweyu yuko hai."

Jiko la mashine lilikuwa likinguruma. Khalayi alidhani amesikia vibaya.

"Yuko Kampala. Ana nyumba, ana mwanamke, ana mtoto. Yeye ndiye aliyeniachia gari hili. Akaniambia, mtunze Khalayi. Nami nimekutunza au sijakutunza? Watoto walilala njaa?"

Na tukisema ukweli, kwa muda mfupi alitaka kuamini. Mume mwenye mwanamke Kampala ana aibu, lakini anapumua. Mume wa namna hiyo unaweza kumchukia, unaweza kumtukana, unaweza siku moja kumwona amesimama mlangoni. Tena kama Kweyu kweli alitoroka, basi maelezo yale ya kituoni hayakuwa uongo mkubwa hivyo.

"Nakuapia kwa kaburi la baba," Mulongo alisema. "Yuko hai. Ukiwapa polisi gari hili, umemtia Kweyu kitanzi. Na wewe pia. Sahihi ni ya nani? Si yangu. Kuwadanganya polisi ni jela, Mama Lorine. Kesho watoto wataamka na nani?"

Maneno yale yale. Miaka mitatu baadaye, mlango mwingine, maneno yale yale.

"Kama yuko hai," Khalayi aliuliza, "kesho unanirithi vipi?"

Mulongo alimkamata kifundo cha mkono, akakisokota.

"Nipe hicho kidude!"

Khalayi aliinua bomba kwa mkono wa pili na kubonyeza. Mvuke ulipiga saruji mbele ya viatu vya Mulongo. Akaruka nyuma akipiga yowe, suruali ikifuka moshi mweupe.

"Simama hapo hapo, shemeji. Huu umebandua rangi kwenye chuma. Ngozi yako haikifikii chuma kwa ugumu."

"Umepata wazimu!"

"Simama."

Walisimama hivyo, yeye na bomba, Mulongo na mikono yake hewani. Waosha magari wengine walikuwa wamejibana ukutani. Sindano ya geji ilianza kushuka. Dizeli ilikuwa ikiisha kweli. Khalayi aliiona, na aliona kwamba Mulongo pia ameiona.

"Utanizuia na nini ikiisha?" Mulongo aliuliza kwa upole. Akapiga hatua moja.

Mvuke ulikohoa, ukatoka maji matupu.

Akapiga hatua ya pili.

"Hapo hapo!"

Sauti ilitoka langoni. Alikuwa Irungu, mtungi mtupu mkononi, na nyuma yake inspekta mmoja na askari wawili. Irungu hakumtazama Khalayi. "Nimeshindwa kununua dizeli," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

Inspekta alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye daftari. Alitazama gari, akamtazama mwanamke mwenye bomba, akamtazama mwanamume mwenye suruali iliyolowa.

"Nani mwenye taarifa hapa?"

Mulongo alikuwa wa kwanza. "Ni ugomvi wa nyumbani tu, afande. Huyu ni shemeji yangu. Tangu mume atoroke, akili haijakaa sawa. Hata yeye mwenyewe aliapa kituoni kwamba mume ni mwizi. Muulize."

Inspekta akamgeukia Khalayi. "Ni kweli, mama?"

Akilini, Khalayi alimwona Selpher amemshika mkono. Aliwaona watoto wake wameketi juu ya kitanda kimoja wakisubiri unga. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema anayeufunua hupata nini.

Alilaza bomba chini.

"Ni kweli niliapa, afande. Na nilidanganya."

"Unasema?"

"Nina taarifa mbili. Ya kwanza ni gari hili, ndilo alilopotea nalo mume wangu, nambari yake ni ile pale. Ya pili ni yangu mwenyewe. Mwaka wa 1993 nilitia sahihi maneno ambayo Kweyu hakuyasema. Hakuniambia anakwenda Uganda. Aliniambia nimwekee uji. Nilifundishwa niseme vile, nikasema, kwa sababu niliogopa."

"Mama, unajua maana ya hayo unayosema?"

"Najua. Yaandike."

Irungu alifunga macho. Inspekta hakuandika mara moja. Alimtazama kwanza, kwa namna ambayo hakuna askari aliyewahi kumtazama tangu siku ile ya kwanza. Kisha akafungua daftari.

"Aliyekufundisha ni nani?"

Khalayi alimwonyesha kwa kidole.

"Uongo!" Mulongo alisema.

Inspekta alifungua ukurasa mpya. "Wewe gari ulilitoa wapi?"

"Aliniletea Kweyu mwenyewe, afande. Yeye ndiye mwizi, si mimi."

"Lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa nane."

"Kwa hiyo mwaka jana, mwezi wa nane, ndugu yako alikuwa hai. Ulimwona kwa macho."

"Ndiyo, afande."

"Hai vipi?" Alikuwa Gitonga, aliyevuka barabara na kipande cha chapati mkononi, macho yamemtoka. "Spana, si uliniambia ni gari la marehemu? Si ndiyo sababu nililichukua kwa huruma?" Alitoa pochi, akavuta karatasi iliyokunjwa mara nne. "Afande, soma. Aliandika kwa mkono wake. Na kesho anaoa mjane wa huyo marehemu."

Inspekta alisoma kwa sauti, taratibu. "Mimi Mulongo nimeuza gari la marehemu kaka yangu Kweyu, lisilo na deni wala kesi." Akainua macho. "Na nasikia kesho unamrithi mjane wake. Mjane, Mulongo. Wazee wenu wanajua kwamba mwenye mke alikuwa kwako mwaka jana?"

"Afande, hapo, wacha nieleze..."

"Sitaki maelezo. Hai au marehemu? Chagua moja niandike."

Mulongo alimtazama Gitonga, akamtazama Irungu, akawatazama askari wawili waliokuwa wamesogea bila kelele hadi nyuma yake. Jasho lilikuwa likimtiririka masikioni.

"Marehemu," alisema kwa hasira. "Marehemu, afande! Alikufa Jumanne ileile, kabla hata ya saa nne, sasa mimi ningefanya..."

Akakoma.

Askari mmoja alikuwa ameshika pingu, lakini naye alisimama. Hata Gitonga aliacha kutafuna.

Khalayi alitembea hadi mbele ya Mulongo. Buti zake zililia majini, rota ikimchoma kisiginoni.

"Saa nne nilikuwa nimemwekea uji," alisema. "Alifia wapi, shemeji?"

Mulongo aliketi chini, pale pale kwenye maji ya grisi, kama mtu aliyeishiwa miguu.

Kisha akasema, akiangalia magoti yake:

"Hakuwa peke yake ndani ya gari."